Je, hemofilia ipo kweli Kongo? Jibu kwa mama wa Goma

«Ninaishi Goma. Nina msichana wa miaka 7, mvulana wa miaka 4, na sasa nina mimba ya miezi 5. Mvulana alipotahiriwa akiwa na miezi 10 alitoka damu siku tatu mpaka akaongezewa damu. Tangu aanze kutembea anavimba magoti na kiwiko, na akidungwa sindano ya tako panavimba kama chungwa. Kwanza waliniambia ni SS (seli mundu), kipimo kikakataa. Halafu wakasema ni rumatizimu. Mwezi uliopita munganga mmoja alipima kuganda kwa damu katika labo, akakuta TCA ni sekunde 92, lakini TP na plakete ni vizuri. Aliandika "hemofilia?" akaniambia katika kazi yake yote hajaona mgonjwa mwingine. Mama mkwe anasema ni karuho, yaani amelishwa sumu. Wifi anasema nimeleta damu mbaya katika ukoo wao, kwa sababu kaka yangu naye alikufa kwa kutoka damu baada ya kutahiriwa, akiwa na miaka 6. Kwenye simu nimesoma kwamba ni ugonjwa wa Wazungu na wafalme. Je, unaweza kumpata mtoto wa Kongo? Tuko wangapi? Na huyu wa tumboni je?»

Mama, pole kwa miaka minne ya kuhangaika, na pole kwa kaka yako. Nianze na lile unalolisubiri: ndiyo, hemofilia, ugonjwa wa kurithi unaozuia damu kuganda vizuri, inawapata watoto wa Kongo, kwa kiwango kilekile inachowapata watoto wa Ufaransa au wa Japani. Na mambo uliyoyaandika yanashikana vizuri sana: mvulana, damu ya tohara isiyokoma, magoti na kiwiko, uvimbe baada ya sindano, mjomba aliyekufa kwa njia hiyohiyo, TCA ndefu huku TP na plakete viko sawa. Bado kipimo kimoja cha kufunga jambo, nitakieleza. Lakini mpaka kipimo hicho kipatikane, mtunze mtoto kama mwenye hemofilia.

Watu wengi hudhani mwenye hemofilia hutoka damu kwa kasi. Sivyo. Hutoka kwa muda mrefu. Mshipa ukikatika, kwanza plakete, zile chembe ndogo za damu, hukimbilia pale na kujipanga kwenye tundu, kama mawe ya volkano yanavyopangwa kuwa ukuta wa ua. Kisha protini zinazoitwa fakta, ambazo zimepewa namba, huamshana moja baada ya nyingine mpaka zitengeneze nyuzi za fibrini, na hizo ndizo simenti ya ule ukuta. Mwenye hemofilia A amepungukiwa fakta ya 8. Mwenye hemofilia B amepungukiwa fakta ya 9. Mawe anayo, simenti hana. Ndiyo maana mkwaruzo mdogo wa ngozi hukauka kama wa mtoto yeyote, lakini kidonda cha tohara hutulia kidogo, halafu baada ya saa kadhaa ukuta unaporomoka na damu inaanza upya. Ndani ya goti ni vilevile, ila pale huoni damu, unaona uvimbe na joto tu. Na plakete zake zikipimwa zinaonekana nzuri, kwa sababu kweli ni nzuri.

Sasa hili la Wazungu na wafalme. Ugonjwa ulipata jina hilo kwa sababu uliingia katika uzao wa Malkia Victoria wa Uingereza, na mambo ya wafalme huandikwa. Lakini sababu inayoufanya upatikane kila mahali ni nyingine, na ningependa uishike vizuri, maana ndiyo itakayowajibu nyumbani.

Chukua SS, ambayo kila familia ya Kongo inaijua. SS imejaa kwetu kwa sababu ya malaria: mwenye AS, yaani aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu, huhimili malaria kali kuliko asiye nayo, hivyo jeni hiyo imebakizwa kizazi kwa kizazi kule kwenye mbu wengi, na ikabaki adimu kwenye nchi za baridi. Jiografia ndiyo inayoamua. Hemofilia haina mkataba wa namna hiyo na mbu wala na hali ya hewa. Jeni ya fakta ya 8 ni ndefu sana, na kitu kirefu kikinakiliwa mara nyingi hukosewa. Kosa moja, ambapo kipande cha jeni hugeuka juu chini, peke yake linasababisha karibu nusu ya hemofilia A kali, na linazaliwa upya katika mataifa yote. Mwaka 1935 mtaalamu wa jenetiki J.B.S. Haldane aliliona fumbo hili: wavulana wenye hemofilia kali walikuwa wakifa kabla ya kuzaa, basi kwa nini ugonjwa haukwishi? Jibu lake likawa kwamba kila kizazi huzaa makosa mapya yanayojaza nafasi ya waliokufa. Leo tunajua kwamba katika familia karibu 30 kwa 100 zenye mtoto wa hemofilia, hakuna aliyewahi kuugua kabla yake. Jeni ya binadamu hukosewa kwa kasi ileile Masisi kwetu na Marseille ya Ufaransa.

Kwa hiyo tunaweza kuhesabu hata pale ambapo hakuna aliyehesabu. Mwaka 2019 watafiti walichapisha hesabu kutoka daftari za wagonjwa za nchi sita zinazoandikisha vizuri: Australia, Kanada, Ufaransa, Italia, New Zealand na Uingereza. Katika kila wavulana 100,000 wanaozaliwa, karibu 25 wana hemofilia A na 5 wana hemofilia B. Ni mvulana 1 kwa kila 3,400 hivi. Kati ya hao 30, karibu 11 ni wa hali kali, wenye fakta chini ya 1% ya kiwango cha kawaida. Wa hali ya kati wana 1 hadi 5%, wa hali nyepesi wana zaidi ya 5 mpaka 40%.

Tulete Kongo. Nchi yetu haijafanya sensa tangu 1984, basi tuchukue watu milioni 100 kwa wepesi wa hesabu. Wanaume ni kama milioni 50. Katika zile nchi sita, wanaume wanaoishi na hemofilia ni kama 21 kwa kila 100,000. Kwa kipimo hicho Kongo ingekuwa na 10,000 na zaidi, na kati yao 3,500 hivi wa hali kali. Kwa watoto wanaozaliwa, tukikadiria milioni 4 kwa mwaka, wavulana ni milioni 2, na kati yao karibu 590 huzaliwa na hemofilia kila mwaka. Mji wenye watu milioni 1 ungekuwa na wanaume kama 100 wenye ugonjwa huu, na Goma imeshapita hapo. Lubumbashi, mji mkubwa kuliko Goma, ungekuwa na zaidi ya 200.

Nimesema «ungekuwa» makusudi. Kiwango cha kuzaliwa ni kilekile, lakini idadi ya walio hai si ileile, kwa sababu pasipo na dawa wa hali kali hufa wadogo. Tofauti kati ya wanaozaliwa na wanaoishi ndiyo kipimo cha matunzo yanayokosekana. Dunia nzima hukadiriwa kuwa na wanaume 1,125,000 wenye hemofilia, na walioandikishwa hawafiki hata theluthi moja. Kaka yako hayumo katika daftari lolote. Alizaliwa na ugonjwa, akaugua, akafa, na pengine aliyeandika aliandika «kutoka damu baada ya tohara», kama kuna aliyeandika.

Ndiyo maana munganga wako hajaona mwingine, na simlaumu. Pengine amewaona bila kuwatambua. Kwetu karibu kila mvulana hutahiriwa, basi wa hali kali hukutana na kisu mapema, mara nyingi mbali na hospitali. Anayepona anafika kituo cha afya na goti limevimba, na kwa kuwa SS ni ya kawaida sana kwetu kuliko hemofilia, muuguzi anafikiri SS kwanza, kama ilivyokutokea. Tena labo nyingi hazipimi TCA. Zinapima muda wa kutoka damu (TS) na muda wa kuganda (TC) kwa kutazama tone au tyubu, na vipimo hivyo viwili vinaweza kutoka vizuri kabisa kwa mtoto mwenye hemofilia. Cheti kinachosema «TS na TC ni kawaida» hakifuti chochote.

Hemofilia nayo si ugonjwa pekee wa kurithi unaozuia damu kuganda. Ulio mwingi zaidi ni wa von Willebrand, uliopewa jina la daktari wa Finland aliyeueleza mwaka 1926. Wanaopata dalili za kuwafikisha kwa daktari ni karibu mtu 1 kwa 1,000, wake kwa waume, maana yake nchini kwetu huenda ni watu 100,000. Wengi wao ni wanawake wanaoambiwa kwamba hedhi ya siku kumi yenye mabonge ni maumbile yao. Kuupima kunahitaji uangalifu: kipimo kimoja kinachotumika sana huonyesha upungufu wa uongo kwa watu wengi wenye asili ya Afrika, kwa sababu ya tofauti ndogo ya jeni isiyo na madhara. Kisha kuna ya nadra kabisa, kama upungufu wa fakta ya 7, mtu 1 kwa 500,000 hivi, au wa fakta ya 13, ambao mara nyingi hujitangaza kwa kitovu cha mtoto mchanga kutoka damu.

Turudi nyumbani kwako. Jeni za fakta ya 8 na ya 9 zimekaa juu ya kromosomu X. Mwanamke ana X mbili. Moja ikiwa na kosa, nyingine humsaidia. Mwanamume ana X moja tu, na huipata kwa mama. Kwa hiyo, ndiyo, jeni hii imepitia kwako, na kwa kuwa kaka yako alikufa hivyo, bila shaka ilipitia kwa mama yenu pia. Sitakuficha hilo. Lakini hukuichagua, hukuiona, na hakuna ulichokula wala ulichofanya kilichoileta. Mume wako alimpa mtoto Y, ambayo haihusiki na jambo hili, basi ukoo wake haukuchafuliwa na haukuchangia. Kuhusu karuho, mwambie mama mkwe kwa heshima: sumu ingekuwa imeanza siku fulani, lakini mtoto huyu alitoka damu akiwa na miezi 10 na mjomba wake alitoka vilevile miaka mingi kabla, katika nyumba nyingine. Hofu ya mama mkwe ni mapenzi kwa mjukuu. Hatari ni moja tu: dawa za kutapisha, kuchanja au kumpiga chale mtoto huyu zinaweza kumuua.

Binti yako ana nafasi nusu kwa nusu ya kubeba jeni hii. Dada zako wa tumbo moja vilevile. Usidhani wabebaji hawaugui: wapo wenye fakta chini ya 40%, nao hupata hedhi nzito, hutoka damu sana wakizaa au waking'olewa jino. Wapimwe fakta kabla ya upasuaji wowote. Watoto wa kiume wa dada zako wasitahiriwe kabla ya kupimwa TCA na fakta. Jambo hili moja ulibebe wiki hii hii, kwa simu au kwa miguu.

Kipimo kinachobaki ni kiwango cha fakta ya 8 na ya 9. Uliza hospitali kubwa ya Goma kama wanakifanya au wanatuma plasma, yaani maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe, mahali pengine. Kuna makosa yanayoharibu majibu, nawe unaweza kuyazuia kwa kuuliza tu. Damu iingie tyubu ya sitrati (dawa ya kuzuia damu isigande) yenye kifuniko cha buluu, ijae mpaka mstari, kwa sababu ni sehemu 9 za damu kwa 1 ya dawa. Tyubu ikijaa nusu, TCA hurefuka ya uongo. Igeuzwe taratibu mara chache, isitikiswe. Isiwekwe kwenye barafu. Plasma itenganishwe ndani ya saa 4, na kama inasafiri, isafiri imegandishwa kabisa. Labo isiyoweza kupima fakta inaweza bado kuchanganya plasma ya mtoto nusu kwa nusu na ya mtu mzima wa afya: TCA ikirudi kawaida, kuna upungufu wa fakta, isiporudi, huenda mwili una kinga inayopiga vita fakta, na hiyo ni habari nyingine.

Dawa ya kweli ni fakta yenyewe, ya unga, inayochanganywa na kudungwa kwenye mshipa. Hesabu yake daktari yeyote anaweza kuifanya: kwa fakta ya 8, yuniti 1 kwa kilo huongeza 2%, kwa fakta ya 9, huongeza 1%. Mtoto wa kilo 16 mwenye hemofilia A, goti limeanza kuvimba, akipewa yuniti 320 hupanda 40%. Akianguka kichwa anahitaji yuniti 800 mara moja, kabla ya picha ya skana, si baada yake. Fakta ya 8 hupungua kwa nusu ndani ya saa 8 hadi 12, kwa hiyo dozi moja haitoshi kwa jambo kubwa. Ipo pia emicizumab kwa hemofilia A, inayodungwa chini ya ngozi kila wiki, au kila wiki mbili au nne, kuzuia damu isianze. Dawa hizi ni ghali mno kwa mfuko wa familia. Nyingi zinazofika nchi kama yetu ni msaada unaopitia Shirikisho la Kimataifa la Hemofilia (WFH) la Montréal, ambalo tovuti yake ina orodha ya vyama na vituo vya kila nchi. Mwombe munganga wako aandike barua pamoja nawe. Msaada hugawanywa kwa wagonjwa waliothibitishwa na kuandikishwa, kwa hiyo kila mtoto asiyehesabiwa ni chupa zisizoagizwa.

Fakta isipokuwapo, kuna plasma iliyogandishwa, mililita 15 hadi 20 kwa kilo, yaani 240 hadi 320 kwa mwanao. Ina fakta zote, hivyo inafaa hata kama aina ya hemofilia haijajulikana, lakini ni vigumu kuipandisha fakta ya 8 kupita 30% kwa njia hiyo, na mtoto anaweza kujazwa maji. Lazima iwe imepimwa ukimwi na homa ya ini B na C. Damu nzima au chembe nyekundu humrudishia wekundu, hazimpi fakta ya kutosha; ndivyo ilivyokuwa alipoongezewa damu akiwa na miezi 10. Damu ikitoka mdomoni, puani au kwenye meno, asidi ya traneksamiki husaidia sana, 25 mg kwa kilo mara tatu kwa siku, kwake ni 400 mg, daktari akikubali. Mateniti nyingi zinayo kwa ajili ya akina mama wanaotoka damu wakizaa, kwa hiyo usikubali haraka kuambiwa haipo mjini. Asipewe kama anakojoa damu, maana mabonge yataziba njia ya mkojo.

Nyumbani, goti likianza kuwaka moto usisubiri livimbe. Alale, mguu uinuliwe, ufungwe bandeji bila kubana sana, barafu iliyofunikwa kitambaa dakika 15 hadi 20, kila saa 4 hadi 6. Maumivu: parasetamoli. Asipewe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, na hizo mbili za mwisho zimo katika kila kiduka cha dawa. Sindano za tako basi tena: malaria kali itibiwe kwa artesunate ya mshipa, kinini ikibidi iwe ndani ya serumu. Chanjo apate zote, kwa sindano nyembamba, chini ya ngozi inapokubalika, kisha kidole kibonyeze dakika 10 bila kusugua. Goma ni mawe matupu. Mshonee pedi za magoti ndani ya suruali. Asifungiwe ndani lakini, misuli yenye nguvu hulinda viungo.

Mpeleke hospitali usiku huohuo akipigwa kichwani hata kama anacheka, akivimba shingo au ulimi, akiumwa tumbo, akishindwa kunyoosha nyonga, au mkono ukifa ganzi chini ya uvimbe. Andika kwenye karatasi «Hemofilia, hakuna sindano za msuli» na kilo zake, uitie ndani ya plastiki, itembee naye.

Na huyu wa tumboni. Akiwa mvulana, nafasi ni nusu. Ekografia inaweza kukuambia jinsia, nayo itasaidia kupanga. Jifungulie hospitali yenye damu na daktari wa upasuaji, wajue habari hii kabla ya uchungu. Uzazi wa kawaida unaruhusiwa, lakini wasimvute mtoto kwa vantuzi wala makoleo, kwa sababu kichwa chake kinaweza kutoka damu ndani. Wewe mwenyewe upimwe fakta katika miezi mitatu ya mwisho. Kama ni ya 8, hupanda wakati wa mimba kisha hushuka baada ya kuzaa. Ya 9 haipandi. Kwa hiyo damu nyingi inaweza kuja wiki ya pili, ukiwa umesharudi nyumbani. Usiione ya kawaida mpaka wiki sita zipite.

Mtoto akitoka, wachukue damu ya kitovu kwenye tyubu ya buluu, wala hahitaji kuchomwa. Fakta ya 8 ikipimwa hapo inatoa jibu. Ya 9 huwa chini kwa kila mtoto mchanga, basi ikionekana chini kidogo irudiwe akifika miezi 6. Vitamini K apewe kwa mdomo au chini ya ngozi, si pajani. Na mkutane mapema, wewe na mume wako na mama mkwe, mkubaliane kwamba tohara itangoja mpaka karatasi ya labo iwe mkononi mwenu.